Steven Kanumba: Maisha na Kazi ya Mtayarishaji wa Filamu kwa Mtazamo wa Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekulia Malindi, Mambrui, Gongoni au Mtwapa katika mwongo wa kwanza wa karne hii hakukutana na Kiswahili cha Dar es Salaam kwanza vitabuni. Alikutana nacho kwenye kibanda cha video, amekaa juu ya ubao, jenereta likinguruma nje. Riwaya za Shaaban Robert na za Said Ahmed Mohamed zilimngoja shuleni, naye akazisoma kwa ajili ya mtihani. Filamu alizifuata mwenyewe, akalipa kiingilio kwa hiari yake, na usiku akarudi nyumbani akiigiza sauti za wahusika. Kati ya watu walioibeba sauti hiyo hadi mwambao wa Kenya, hapana aliyejulikana kuliko Steven Kanumba.

Makala haya yanayaangalia maisha ya mtayarishaji huyo pamoja na kazi zake. Shabaha yake si kumsifu marehemu, kwani sifa alizipata tele siku ya maziko yake. Yanauliza swali ambalo msomi wa fasihi hawezi kulikwepa, yaani maisha ya binafsi ya msanii yana mamlaka gani juu ya usomaji wa kazi yake? Kwa Kanumba swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kifo chake kilikuja kujulikana na watu wengi kuliko filamu yake yoyote.

Mtayarishaji ni nani?

Yafaa kuanza na istilahi, maana hapa Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania havikubaliani kikamilifu. Anayewaongoza waigizaji mbele ya kamera Watanzania humwita mwongozaji, ilhali Wakenya wengi humwita mwelekezi. Anayetafuta fedha, kukodi vyombo, kuwalipa watu na kuipeleka kazi sokoni ni mtayarishaji pande zote mbili, ingawa mitaani watu wa kote huona wepesi kusema prodyuza. Wazee wa Malindi, ambao walizoea sinema za Kihindi kabla ya video kuingia, husema tu kwamba fulani ametoa picha. Usemi huo wa wazee una ukweli kuliko unavyodhaniwa. Katika tasnia ya video ya Dar es Salaam mtu mmoja aliweza kutunga kisa, kukiongoza, kukigharamia na kukiigiza. Jina lake ndilo lililouza kasha, na picha yake ndiyo iliyochapwa juu ya kasha hilo. Ukimtenga Kanumba mtayarishaji na Kanumba mwigizaji unapata watu wawili ambao soko halikuwahi kuwajua.

Kutoka Shinyanga hadi Kaole

Steven Charles Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari 1984 huko Shinyanga, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi na kisha sekondari ya Mwadui kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Shinyanga ni nchi ya Wasukuma. Huko Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya ofisi, nayo nyumba nyingi zina lugha yake nyingine. Jambo hili linamgusa moja kwa moja mwanafunzi wa Ganze, Marafa au Kaloleni ambaye nyumbani kwao ni Kigiriama au Kichonyi. Lipo wazo la zamani kwamba Kiswahili chenye hadhi ya kusikilizwa hutoka Unguja, Mvita au Lamu peke yake. Hata hivyo, mtu ambaye Kiswahili chake kilisikika katika nyumba nyingi kuliko cha malenga yeyote wa wakati wake alitoka bara, mbali na bahari, karibu na migodi ya almasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alijiunga na kundi la Kaole Sanaa Group, ambalo michezo yake ilirushwa na televisheni ya ITV. Kaole ilikuwa chuo bila cheti. Waigizaji walipewa kisa na mwelekeo wa tukio, na maneno wakayabuni papo hapo mbele ya kamera. Mtindo huo ulidumu hata walipohamia kwenye filamu. Ndiyo sababu mazungumzo ya filamu nyingi za kipindi hicho yana mdundo wa watu wanaosemezana kweli: yanakatizana, yanarudia neno moja mara tatu, na wakati mwingine yanazunguka bila kufika. Mhakiki aliyezoea tamthilia ya Ebrahim Hussein, ambamo kila neno limepimwa, huliona hilo kuwa kasoro. Pengine ni kasoro kweli. Lakini ni hazina pia kwa mtafiti wa isimujamii, kwa maana humo mna Kiswahili cha Sinza na Kinondoni cha miaka ya 2000 kama kilivyosemwa, wala si kama mwandishi alivyokikumbuka mezani pake.

Wakati huo biashara ya filamu za video ilikuwa inachipuka. Filamu iitwayo Girlfriend, ambayo kwa wengi ndiyo iliyofungua mlango wa kile kilichokuja kuitwa Bongo Movie, iliongozwa na George Tyson, na jambo ambalo husahaulika hata nchini Kenya ni kwamba Tyson alikuwa Mkenya aliyehamishia kazi yake Dar es Salaam. Alifariki katika ajali ya barabarani nchini Tanzania mwaka 2014. Kwa hiyo anayesema kwamba filamu za Kiswahili ni mali ya Watanzania ambayo Wakenya wanaiazima tu anapaswa kuitazama upya historia hiyo.

Soko na mtu

Kanumba alipata umaarufu mkubwa kwa filamu Dar to Lagos (2006), iliyomkutanisha na wasanii wa Nigeria akiwemo Mercy Johnson, chini ya mtayarishaji Mtitu Game. Huo ulikuwa wakati ambapo filamu za Nigeria zilijaa kila duka la video Afrika Mashariki. Matthias Krings, katika kitabu chake African Appropriations (2015), amechunguza jinsi Watanzania walivyozichukua filamu hizo na kuzigeuza ziwe zao. Kanumba aliifanya njia hiyo kuwa mradi wa maisha. Aliunda kampuni yake, Kanumba The Great Film, na mwaka 2011 akamleta nyota mwingine wa Nigeria, Ramsey Nouah, katika Devil Kingdom.

Jinsi fedha zilivyopatikana ni jambo linalostahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa wahakiki wa fasihi hulipuuza. Mtayarishaji wa kawaida hakuwa na njia ya kupata fedha kidogo kidogo kwa kila nakala iliyouzwa. Alipeleka kazi iliyokamilika kwa msambazaji, akalipwa kwa mkupuo, na mara nyingi haki za kazi zikaenda pamoja na kanda yenyewe. Kampuni ya Steps Entertainment ndiyo iliyokuja kulishika soko la usambazaji kwa kiasi kikubwa. Filamu moja iligawanywa sehemu mbili, kila sehemu ikauzwa kwa kasha lake, na kisa kikanyoshwa ili kijaze sehemu zote mbili. Yule anayelalamika kwamba filamu za kipindi hicho zina matukio marefu ya gari likiingia getini na mtu akipanda ngazi hana budi ajue kwamba urefu huo ulikuwa na bei. Muundo wa kisa ulitokana na muundo wa mauzo. Hali kadhalika, mtu aliyelipwa mara moja tu alilazimika kutoa filamu nyingine upesi, na ndiyo maana orodha ya kazi za Kanumba ni ndefu mno kwa mtu aliyeishi miaka 28.

Ng'ambo ya mpaka, Kilifi na Malindi, hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Nakala zilizonakiliwa kiholela zilipita Lungalunga na Mombasa hadi kwenye meza za wauzaji wa CD kando ya barabara. Mtazamaji alilipa, mwenye kibanda akapata, mwuzaji akapata. Mtayarishaji hakupata kitu. Umaarufu wa Kanumba katika mwambao wa Kenya, kwa lugha ya hesabu, ulikuwa umaarufu bila mapato.

Majina ya Kiingereza, maneno ya Kiswahili

Hapa pana fumbo ambalo makala mengi kuhusu Kanumba hulitaja kwa kejeli na kulipita. Filamu zake karibu zote zina majina ya Kiingereza: Dangerous Desire, Cross My Sins, Oprah, Uncle JJ, This Is It, Young Billionaire. Ndani yake wahusika husema Kiswahili. Chini ya picha mara nyingi huandikwa tafsiri ya Kiingereza, na tafsiri hiyo imewafanya watu wengi wacheke kwa makosa yake. Kijiji cha Tambua Haki, kati ya kazi zake za mwisho, ni miongoni mwa chache zilizobeba jina la Kiswahili.

Maelezo rahisi ni kwamba ilikuwa kasumba. Maelezo hayo hayatoshi. Jina la Kiingereza lilikuwa kibandiko cha duka: liliiweka filamu kwenye rafu moja na za Nigeria na za Marekani, na kumwahidi mnunuzi kwamba atakachokiona kina hadhi ileile. Kiswahili kilifanya kazi ya pili, ile ya kumshika mtazamaji baada ya kununua. Kanumba alilijua soko lake. Alichokitamani zaidi ni kuvuka mpaka wa lugha, na tamaa hiyo ilimgharimu. Mwaka 2009 alialikwa katika jumba la Big Brother Africa nchini Afrika Kusini, na Kiingereza alichokisema humo kikafanywa kichekesho nyumbani kwao. Yafaa kutua hapa. Taifa ambalo limejivunia Kiswahili tangu uhuru lilimcheka msanii wake mkubwa wa Kiswahili kwa sababu hakusema Kiingereza vizuri. Hakuna insha ya sera ya lugha inayoeleza hali hiyo kwa ufupi kuliko tukio hilo moja.

Kwa mtazamaji wa Malindi, lugha ya filamu hizo ilikuwa ya karibu na ya mbali kwa wakati mmoja. Anayesema yuwaja, ndoo na sikiza alimsikia mhusika akisema anakuja, njoo na sikiliza; hilo si geni, shule imekwisha kumzoesha. Kilichokuwa kigeni ni maneno ya vijana wa Dar es Salaam, kama mshikaji, mchongo na kuzingua. Maneno haya yalianza kusikika katika vinywa vya vijana wa mwambao, yakichanganyika na Sheng iliyoshuka kutoka Nairobi kwa basi na kwa redio. Katika vibanda hivyohivyo zilionyeshwa filamu za ng'ambo zilizotafsiriwa kwa sauti na wasimulizi kama DJ Afro wa Kenya. Basi mtoto mmoja, kwa siku moja, aliweza kusikia Kimvita nyumbani, Kiswahili sanifu darasani, Kibongo katika filamu ya Kanumba na Sheng ya msimulizi juu ya filamu ya Kichina. Mtafiti anayetaka kueleza Kiswahili cha vijana wa Kilifi bila kukipitia kibanda cha video anaacha nje nusu ya ushahidi wake.

Usiku wa tarehe 7 Aprili 2012

Kanumba hakuwa ameoa. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, siku ya pili ya Pasaka kuhesabu kutoka Ijumaa Kuu, alifariki nyumbani kwake Sinza baada ya ugomvi kati yake na mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu kwa jina la Lulu, aliyekuwa na uhusiano naye. Tarehe 10 Aprili alizikwa katika makaburi ya Kinondoni, baada ya ibada katika viwanja vya Leaders Club iliyohudhuriwa na umati ambao jiji hilo lilikuwa halijazoea kuuona katika msiba wa msanii. Viongozi wa juu wa serikali walikuwapo.

Kesi ilikwenda polepole. Mshtakiwa alikabiliwa kwanza na shtaka la kuua kwa kukusudia, kisha likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na mwezi Januari 2013 akapewa dhamana. Mahakama Kuu mjini Dar es Salaam ilisikiliza ushahidi mwezi Oktoba 2017, na tarehe 13 Novemba mwaka huo ikamtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Mwezi Mei 2018 alitoka gerezani akamalizie adhabu kwa kazi za jamii. Katikati ya hayo, mwaka 2016, alikuwa amepata tuzo ya AMVCA huko Lagos kwa filamu Mapenzi ya Mungu.

Kuna jambo moja katika mambo hayo ambalo kumbukumbu ya umma imelifunika. Umri wa mshtakiwa ulibishaniwa mahakamani tangu mwanzo, kwani upande wake wa utetezi ulieleza kwamba alikuwa hajatimiza miaka 18. Yeye mwenyewe aliingia katika sanaa akiwa mtoto, katika Kaole ileile. Siku za msiba, hasira ya mashabiki ilimshukia yeye tu, miaka mitano kabla ya mahakama kusema neno. Ni wachache waliouliza mwanamume wa miaka 28, mwenye kampuni na jina, alikuwa na wajibu gani kwa msichana wa umri huo. Swali hilo si la kumhukumu marehemu ambaye hawezi kujibu. Ni swali kuhusu tasnia ambayo mtayarishaji ndiye aliyekuwa mlango wa kuingilia, naye aliweza kumpa mtu nafasi au kumnyima. Uhakiki wa kifeministi umefundishwa katika idara za Kiswahili kwa miaka mingi kwa kuwahakiki wahusika wa riwaya. Hapa una kazi miongoni mwa watu walio hai.

Uvumi kama matini

Baada ya maziko ulizuka uvumi. Kwa kuwa Devil Kingdom ilihusu utajiri unaopatikana kwa agano la siri, baadhi ya watu walidai kwamba msanii alikuwa ameingia katika jamii ya siri na kifo kilikuwa malipo yake. Uvumi huo ulivuka mpaka na kusimuliwa barazani mwambao wote, kila msimulizi akiongeza chumvi yake.

Msomi ana haki ya kuukataa uvumi kama habari. Hana haki ya kuukataa kama matini. Umejengwa kwa muundo unaofahamika katika fasihi simulizi: kijana maskini, utajiri wa ghafla, sharti lililofichwa, tarehe ya kulipa. Ni muundo wa ngano ambao bibi wa Kigiriama au wa Kisukuma angeutambua mara moja. Mashabiki waliyachukua maisha ya mtayarishaji wakayafanya filamu yake ya mwisho, wakiwa na yeye kama mhusika na wao wenyewe kama watunzi. Kosa linaanza pale mwanafunzi anapoandika tasnifu na kuirudia hadithi hiyo kwa maneno ya kitaalamu, akitafuta katika kila filamu dalili za kifo kilichokuwa kinakuja. Kanumba alipotoa Uncle JJ na This Is It mwaka 2010, akawaweka watoto katikati ya kisa na yeye mwenyewe akakubali kuchekwa, hakuwa anatabiri chochote. Alikuwa anatafuta watazamaji wapya, yaani familia zilizokaa pamoja sebuleni, na aliwapata. Filamu hizo mbili zinamweleza mtayarishaji kuliko uvumi wote.

Ni kweli kwamba maisha hayawezi kufutwa kabisa katika usomaji. Kijana wa Shinyanga aliyechekwa kwa Kiingereza chake yumo katika filamu zenye majumba ya kifahari na majina ya kigeni, na anayejua moja atalielewa la pili vizuri zaidi. Mpaka upo hapa: maisha yatumike kuuliza maswali juu ya kazi, lakini jibu litafutwe katika kazi yenyewe, katika picha, sauti na mpangilio wa matukio.

Nakala ziko wapi?

Chuo Kikuu cha Pwani kilipata hati yake mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya kifo cha Kanumba, hapo Kilifi penye vibanda vilivyoonyesha filamu zake. Mwaka 2023 Kenya ilichagua Mvera, filamu ya Kiswahili ya mwongozaji wa Pwani Daudi Anguka, kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar kwa filamu za kimataifa. Haikuingia katika orodha ya mwisho, lakini kuchaguliwa kwake kunaonyesha kwamba mwambao huu haupokei tena tu filamu za Kiswahili bali unazitoa, na jina lake halikuhitaji kibandiko cha Kiingereza.

Mwanafunzi anayetaka kuanza kulinganisha kazi hizo atakutana kwanza na tatizo la mikono, si la nadharia. Filamu za Kanumba zilisambazwa kwa VCD. Sahani hizo hukwaruzika, huathiriwa na joto na chumvi ya bahari, na mashine za kuzichezea zimetoweka madukani. Mtandaoni zipo nakala zilizokatwa, nyingine hazina mwanzo, nyingine zimeunganishwa sehemu ya kwanza ya filamu moja na ya pili ya nyingine. Majina ya mafundi wa sauti na wahariri, yaliyopita haraka mwishoni mwa picha, mara nyingi ndiyo yaliyokatwa. Katika nyumba nyingi za Malindi na Mtwapa bado mna makasha hayo chini ya kabati la televisheni, yamefungwa kwa mpira, na mama mwenye nyumba anauliza kila anapofagia kama yanaweza kutupwa.